Shajara ya Kibarani: Mtaalamu wa Manila

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Bosi ametangaza kwamba ofisi imeingia kwenye uchumi wa dijitali. Alitangaza akiwa ameegemea meza ya binti aliyekuwa akituingizia hati kwenye kompyuta. Meza hiyo haina mtu tangu Ijumaa. Sisi ni mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Ofisi iko ghorofa ya kwanza hapa Kibarani, dirisha linatazama foleni ya malori, na ng'ambo ya malori kuna bustani iliyopandwa juu ya jaa la taka la zamani.

Hesabu ya Bosi ni fupi. Mfanyakazi ana mshahara, ana NSSF, ana ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao mwajiri naye hutoa wake, ana likizo, na ana shangazi wa kuzika. Mtu wa mtandaoni ana saa tu. Dola 4 kwa saa, yaani shilingi 516 kwa bei ya sasa ya dola. "Na shangazi zake wanazikwa huko huko," akasema.

Mimi nimepewa cheo cha msimamizi wa wataalamu wa ng'ambo. Mshahara ni ule ule.

Jumatano, 5 Machi

Tovuti mpya ya kampuni imekamilika. Bosi alitangaza kazi kwenye tovuti ya kazi za mtandaoni, wakajitokeza watu wa kila bara, akamchagua wa bei ya chini kabisa. Picha ya mbele inaonyesha bandari nzuri sana, yenye kreni za buluu, na nyuma yake milima yenye theluji. Nikasema Kilindini haina milima. Bosi akasema mteja wa Kampala hawezi kujua. Nikasema mteja wa Kampala huja Kilindini kila mwezi. "Basi akija," akasema Bosi, "atadhani mawingu yameifunika."

Alhamisi, 6 Machi

Dereva wa lori amepiga simu akiulizia ofisi. Alifuata ramani ya tovuti ikamfikisha juu ya Daraja la Makupa, lile lililofunguliwa 2022, na hapo simu ikamwambia amefika. Nimeifungua ramani. Alama yetu iko katikati ya mkondo, kwenye maji. Bosi akaniagiza nimwambie dereva ateremke. Nikauliza ateremkie wapi.

Nimemwandikia fundi wa tovuti. Amejibu kwa heshima zote kwamba kuhamisha ofisi ni kazi mpya, na kazi mpya ni dola 15. Bosi amelipa. Sasa tuko nchi kavu, ila Tudor.

Jumatatu, 10 Machi

Mtaalamu wa hati ameanza kazi. Tunampigia picha ankara na orodha za mizigo, yeye anaziingiza kwenye jedwali, nasi tunatoa humo taarifa za forodha. Leo amemaliza makontena kadhaa kabla sijamaliza kufungua barua pepe, na Bosi ameinyooshea kidole skrini kunionyesha kasi ilivyo.

Kontena moja ni la marobota ya mitumba ya mama mmoja wa soko la Kongowea. Kwenye forodha nguo kuukuu za kuvaa zina namba yake, 6309. Matambara, vile vipande vya kufutia mafuta gereji, ni 6310. Mtaalamu ameandika 6310 toka juu hadi chini. Nimemuuliza sababu. Amejibu kwamba kwenye picha nguo zilionekana zimechakaa sana.

Picha tuliyomtumia ilikuwa ya ankara.

Jumanne, 11 Machi

Bosi, kwa kuifurahia ile kasi, alikuwa ameshamtumia mteja nakala. Mama amekuja mwenyewe, kwenye jua la saa saba, na saumu juu.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa."

Nikamsomea.

"Mimi nauza gredi ya kwanza. Watu wanatoka Malindi kuja kuchagua kwangu. Matambara ni ya nani?"

Bosi akatoka ofisini kwake akamweleza kwamba siku hizi dunia imekuwa kijiji.

"Hata kijijini kwetu," akasema mama, "tunajua nguo na tunajua tambara."

Kontena la mzigo wa humu nchini lina siku nne za bure bandarini. Za mama zimekwisha tukiwa bado tunasahihisha. Baada ya hapo ada ya uwanja huanza kuhesabu, Jumapili na sikukuu haijali. Bosi ameniambia niiandike chini ya "gharama nyingine".

Alhamisi, 13 Machi

Mtaalamu ametoweka. Ametuachia nyota mbili kati ya tano na maelezo kwamba sisi ni wateja wagumu. Nyota zimemuuma Bosi kuliko ada ya uwanja. Nyota zinaonekana na watu, alisema, lakini ada tunaiona sisi tu.

Amepata mwingine, wa Manila, Ufilipino. Pichani ni kijana mwenye tai, nyuma yake ghorofa refu. Ana nyota tano kamili. Manila iko saa tano mbele yetu, kwa hiyo tukifungua ofisi saa mbili asubuhi, kwao ni saa saba mchana. Nimeandika jedwali la saa nikalibandika ukutani, karibu na kalenda ya kupwa na kujaa kwa maji.

Jumatatu, 17 Machi

Mtaalamu wa Manila anaijua kazi. 6309 ameiandika bila kuambiwa. Anajua hata kwamba Kongowea ni soko, si jina la mtu. Bosi akasema huyu amefanya utafiti.

Jioni nilimwomba amalizie hati moja. Akajibu kwa Kiingereza safi kwamba anaenda kufuturu, atarudi. Ilikuwa imepita kidogo saa kumi na mbili na nusu, nasi wenyewe tulikuwa tumeshaweka tende mezani tukisubiri adhana. Bosi akafurahi kwamba ni Mwislamu mwenzetu. Nikatazama jedwali la ukutani. Manila ilikuwa karibu saa sita ya usiku.

Bosi akafikiri, akasema huenda huko jua huchelewa.

Jumatano, 19 Machi

Bosi alisoma mahali kwamba mtaalamu wa ng'ambo huhitaji kikao cha mara kwa mara ili ajihisi ni wa nyumbani. Akapanga kikao saa mbili asubuhi ya Manila. Kwetu hiyo ni saa tisa ya usiku. Nikamwambia. Akasema si neno, kwa kuwa mwezi huu naamka daku vyovyote vile.

Nilikaa barazani kwetu Mji wa Kale, kompyuta magotini, nikitumia bando langu mwenyewe. Bosi hakutokea, simu yake ilikuwa imezimwa. Mtaalamu alitokea, bila picha, sauti yake ikiwa ya mtu aliyetoka kitandani. Nikamuuliza vipi asubuhi ya huko. Akasema kuna joto. Kisha wapiga daku wakapita mtaani na ngoma yao, nikaisikia nje, na muda si muda nikaisikia tena ndani ya simu. Nikadhani ni mwangwi.

Kikao kilichukua dakika nane. Tulikubaliana kwamba kazi inaendelea vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ni tarehe 20, siku ya mwisho ya marejesho ya VAT, kwa hiyo mhasibu wetu yuko hapa na mafaili yake. Amekuta dola zinatoka. Akauliza zinakwenda kwa nani. Bosi akasema kwa Manila.

Mhasibu akaweka kalamu chini. Ukimlipa mtu asiye mkazi wa Kenya kwa kazi ya kitaalamu, sheria inataka ukate kodi ya zuio ya asilimia 20 uipeleke KRA. Bosi akasema basi akatwe. Nikamwandikia mtaalamu. Akajibu kwamba bei ni bei. Mhasibu akasema katika hali hiyo kodi ni ya Bosi mwenyewe: ili mtu apate dola 4 mkononi, kazi inakugharimu dola 5. Juu yake kuna ada ya tovuti ya kazi, na juu ya ada kuna benki, ambayo haiuzi dola kwa bei ile unayoisoma gazetini.

"Na serikali itajuaje kwamba kuna Manila?" akauliza Bosi.

Mhasibu akamgeuzia kompyuta. Ukurasa wa mbele wa tovuti yetu, chini ya ile milima ya theluji, umeandikwa "timu yetu ya kimataifa".

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu mstaafu anayeagiza gari kutoka Japani amekuja kuulizia karatasi zake. Anataka kujua nakala ya kitambulisho chake na PIN yake ya KRA viko wapi. Bosi akasema viko salama. Akauliza salama wapi. Bosi akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi msimamizi.

Mwalimu anaifahamu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Aliieleza akiwa amesimama, bila kusoma popote: taarifa za mtu hazipelekwi nje ya nchi kienyeji, lazima kuwe na ulinzi unaoeleweka, na Kamishna wa Data ana uwezo wa kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Bosi akavuta kikokotoo, akapiga asilimia 1 ya mauzo yetu, akaonekana ametulia.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi, kuanzia hapa hadi Changamwe na Mikindani. Nimetumia simu kumwarifu mtaalamu kwamba tutachelewa kumpa kazi. Hakupatikana. Umeme uliporudi alasiri, naye akarudi, akaomba radhi kwamba kwao umeme ulikatika.

"Kumbe hata wenzetu," akasema Bosi. Alifarijika sana.

Nimekumbuka Mei mwaka jana, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuvizia. Binti wa hati alitoa kalamu, akaandaa hati kwa mkono, na kila mtandao ulipochungulia akawa tayari. Hakuna kontena letu lililolala. Hilo halikuingizwa kwenye jedwali lolote, maana halikuwa na bei.

Jumatano, 26 Machi

Ankara ya kontena la vigae kutoka Uchina imefifia. Mtaalamu aliomba nakala iliyo wazi zaidi. Nikaipiga picha tena karibu na dirisha. Akasema bado. Nikaipeleka nje juani, askari wa getini akaishika ncha moja. Akasema bado.

Kabla ya adhuhuri boda ikasimama chini. Akapanda kijana mwenye kandambili na begi la kompyuta mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Bosi. "Unataka kazi? Hatuajiri siku hizi."

"Nimekuja kuiona ile ankara ya vigae. Mstari wa saba hausomeki kwenye picha."

Bosi akanitazama. Nami nikamtazama kijana.

"Wewe ni nani?"

Kijana akahamisha begi bega lingine. "Mimi ndiye Manila."

Bosi ana adabu ya wenyeji. Akamuuliza amefika nchini lini.

"Natoka Mikindani, mzee."

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alijifunza kazi za mtandaoni kupitia Ajira Digital, ule mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 2016. Alipojiandikisha kama Mkenya, alishusha bei mpaka ikagusa chini na bado hakuitwa. Kampuni nyingine ziliwafungia Wakenya mlango kabisa, kama Remotasks ilivyofanya Machi 2024. Basi akakodi akaunti ya mtu wa Manila. Ile tai si yake. Tovuti inachukua fungu lake kwanza, linalobaki mwenye akaunti anachukua nusu, na katika zile dola 4 zetu kinachoingia kwenye M-Pesa yake ni shilingi mia mbili na kitu kwa saa. Boda ya leo imekula mia.

Mstari wa saba aliusoma kwa kuinua karatasi kwenye mwanga. Ulikuwa uzito wa mzigo. Alikaa hapa kama robo saa, akauliza kama tuna hati nyingine zilizofifia, akaondoka.

Bosi amekaa kimya mpaka alasiri. Kisha akaniuliza kama kuna uwezekano fundi wa tovuti naye ni wa Likoni.

Alhamisi, 27 Machi

Nimependekeza tumwajiri kijana moja kwa moja. Bosi amefungua masharti ya ile tovuti: mteja anayemchukua mtaalamu nje ya tovuti kabla miaka miwili kwisha hulipa ada, na ada hiyo si ya kuitania. Zaidi ya hayo, kijana akiajiriwa atakuwa na NSSF. Na kwa kuwa ni wa Mikindani, shangazi zake watazikwa hapa hapa.

Suluhisho limepatikana. Kijana atakuja ofisini kila siku akae kwenye meza ya binti. Atatumia umeme wetu na wifi yetu. Ataingia mtandaoni kupitia VPN ili ionekane yuko Manila. Sisi tutailipa tovuti dola, tovuti itampa mwenye akaunti, mwenye akaunti atakata chake, na salio litarudi Kibarani kwa M-Pesa. Kijana ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Nikiwa na swali, Bosi ameagiza nimwandikie kwenye tovuti, ili kumbukumbu zibaki.

Leo nilimwandikia kumuuliza kama amemaliza na stepla.

Ijumaa, 28 Machi

Askari wa getini ameniuliza habari za yule binti. Nikasema ofisi iliona inaokoa gharama. Alikuwa akiitazama bustani ng'ambo ya barabara. Yeye amelinda hapa tangu enzi za jaa, wakati moshi ukiingia mpaka kwenye chai.

"Siku hizi pananukia vizuri," akasema. "Lakini taka hazikwisha. Zinamwagwa Mwakirunge, na watu wa Mwakirunge nao wana pua."

Nikamwambia nitamfikishia Bosi. Sikumfikishia.

Jumatano, 2 Aprili

Tumerudi kutoka Idd. Mhasibu amefunga hesabu za Machi.

Mstari wa mishahara umepungua. Bosi ameuzungushia wino mwekundu na kuandika pembeni "akiba". Mistari mingine iko chini yake. Ada ya tovuti ya kazi. Tofauti ya bei ya dola. VPN. Ada ya uwanja ya kontena la mitumba. Fundi aliyetuhamishia Tudor, na malipo ya kuturudisha Kibarani. Mkataba wa ulinzi wa data ambao wakili wa mwalimu ameudai na ambao sisi ndio tumeulipia. Kodi ya zuio imeachwa wazi, kwa sababu mhasibu ameuliza akate asilimia 20 ya mgeni wa Manila au asilimia 5 ya mkazi wa Mikindani, na hakuna aliyemjibu. Saa zangu za usiku hazimo; mhasibu anasema hazina risiti.

Jumla ya mistari hiyo imezidi mshahara wa binti, na NSSF yake, na ushuru wake wa nyumba. Kisha kuna kitu ambacho hakina mstari kabisa. Binti amepata kazi kwa mawakala wengine mjini, barabara ya Moi Avenue, na mama wa Kongowea amemfuata huko na makontena yake. Alipopigiwa simu alisema hana ugomvi na mtu. Amekwenda tu mahali ambapo nguo zinaitwa nguo.

Bosi amezisoma hesabu zote mpaka mwisho. Amesema tatizo halikuwa wataalamu, ni usimamizi, na kwamba ameona mtandaoni kuna wasimamizi wa dola 3 kwa saa.

Kwa wenye ofisi wenzetu wa Kibarani, Changamwe na kisiwani: kabla ya kukubali dola 4 kwa saa, msiulize saa moja ni bei gani. Muulizeni mhasibu hati moja itawagharimu kiasi gani mpaka ifike mezani ikiwa sahihi, na muweke ndani ya hesabu hiyo kodi, benki, uwanja wa bandari na huyo anayesahihisha usiku. Ikiwa bado ni rahisi, ajirini ng'ambo kwa heri. Ikiwa si rahisi, mtu wa kazi hiyo yuko Mikindani, na kumfikia ni shilingi mia kwa boda.